Mvua kukata sio bahari kutulia

Kuna hii imani kwamba masika yakiisha tu basi bahari nayo shwari, so mtu anapanga kisiwa cha Mbudya pale Dar au Zanzibar mwezi wa saba. Hapana jamani. Juni mpaka Agosti hivi ndo kusi, ule upepo wa kutoka kusini, inavuma, anga safi kabisa, jua lipo, ila mawimbi yanapanda na boti ya Zanzibar inayumba mpaka unaona watu wanaitisha mifuko ya kutapikia. Ukitaka maji yaliyotulia lenga Oktoba, kusi imechoka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijashika, vuli ikikunyeshea mara nyingi inapita tu. Likizo yako ni Julai tu? Vuka asubuhi, mchana upepo huwa unazidi.