Kongosho Likivimba Ghafla: Dripu Hupimwa kwa Mgonjwa, si kwa Chupa

Ndugu yetu amelazwa hapa Kigoma kwa maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni. Tumeambiwa ni kongosho. Dripu inamsaidiaje?

Kongosho, yaani tezi iliyo nyuma ya tumbo inayosaidia kusaga chakula, likivimba ghafla, mara nyingi kwa sababu ya mawe ya nyongo au pombe, mishipa midogo huvujisha maji ya damu, na mgonjwa naye hutapika asiweze kunywa. Damu hupungua, figo na kongosho lenyewe vikakosa damu ya kutosha. Dripu hurudisha maji hayo.

Mbona inadondoka polepole? Chupa moja tangu asubuhi!

Lalamiko hili ni la kawaida wodini, kwa kuwa sisi ndugu tuna tabia ya kuhesabu chupa. Mgonjwa wa kilo 60 akipewa mililita 1.5 kwa kila kilo kwa saa, hupata mililita 90, yaani karibu matone 30 kwa dakika kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, na chupa ya nusu lita humchukua zaidi ya saa tano. Zamani iliaminika kwamba maji mengi ya haraka ndiyo tiba. Utafiti wa WATERFALL, uliochapishwa mwaka 2022, ulisimamishwa mapema kwa sababu asilimia 20.5 ya waliomiminiwa maji kwa kasi walizidiwa nayo mwilini, dhidi ya asilimia 6.3 ya waliopewa kwa kiasi, na wa kasi hawakupata nafuu zaidi.

Mbona wa kitanda cha pili kafunguliwa zaidi?

Huenda alifika amekauka, baada ya kutapika njia nzima ndani ya boti. Huyo huweza kuanzishiwa mililita 10 kwa kilo ndani ya saa mbili, kwa kawaida za ringa lakteti (maji ya dripu yenye chumvichumvi), kisha akapunguziwa. Mzee mwenye moyo au figo dhaifu huhitaji tahadhari zaidi. Daktari hurudia kupima mapigo ya moyo, presha, pumzi, damu na hasa mkojo, ambao kwa mgonjwa wetu wa kilo 60 haupaswi kuwa chini ya mililita 30 kwa saa, ndipo huongeza au kupunguza.

Sisi tufanye nini?

Msimwage mkojo kabla muuguzi hajaupima, wala msiifungulie dripu wenyewe. Akianza kuhema, kuvimba miguu au kukosa mkojo, mwiteni muuguzi mara moja, hata usiku wa manane.