Ligi ya visiwa vya Tiwi: anzia hapa

Anayeanza kufuatilia futiboli ya Australia huelekezwa Melbourne, kwenye uwanja wa watu laki moja. Mimi huwaambia watu waanzie Tiwi.

Tiwi ni visiwa viwili vikubwa, Bathurst na Melville, kilomita 80 hivi kaskazini ya Darwin, mji ulio kaskazini mwa Australia. Wakazi hawafiki elfu tatu, lakini wana ligi yao kamili yenye klabu kama Imalu, Tuyu, Ranku, Tapalinga, Pumarali na Muluwurri. Mpira huu uliletwa mwaka 1941 na John Pye, bruda wa misheni ya Kikatoliki, na wenyeji wakaufanya wao.

Kwa asiyeujua: timu mbili za watu 18, uwanja wa umbo la yai, milingoti minne kila upande. Ukipiga mpira kwa mguu ukapita kati ya milingoti miwili mirefu, unapata alama 6. Ukipita pembeni, kati ya mlingoti mrefu na mfupi, alama 1. Kwa hiyo ukiona 12.8 (80) kwenye matokeo, ni magoli 12 na alama 8 za pembeni.

Kusini mwa Australia mchezo huu ni wa majira ya baridi. Tiwi huchezwa masika, na fainali hupigwa Machi huko Wurrumiyanga, kisiwani Bathurst, kwa sababu kiangazi ardhi hukauka ikawa ngumu mno kuangukia. Hapo ndipo penye siri, kwa maoni yangu. Mpira wa ngozi ulioloa huteleza kama kambale. Mtoto aliyekua akicheza pekupeku kwenye tope hajifunzi kusimama na kuukumbatia. Anajifunza kuinama akiwa mbioni, kuuzoa kwa mkono mmoja na kuurusha kwa ngumi kabla hajashikwa. Mtazame mchezaji wa Tiwi mpira ukiwa chini, utaona ninachosema.

Matunda yake yanaonekana kwenye medali ya Norm Smith, anayopewa mchezaji bora wa fainali kuu ya taifa. Maurice Rioli aliichukua mwaka 1982 ingawa timu yake, Richmond, ilifungwa. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Michael Long aliichukua 1993 akiwa na Essendon. Wazazi wa Long walinyang'anywa familia zao na serikali utotoni, wakapelekwa kulelewa misheni visiwani Tiwi; historia hiyo haifai kurukwa tunapomsifia. Mwaka 2015 ikaja zamu ya Cyril Rioli wa Hawthorn. Maurice ni ndugu wa baba yake, na Long ni mjomba wake.

Darwin nayo inadaiwa na Tiwi. Klabu ya St Mary's ilianzishwa huko 1952 ili vijana wa visiwani wanaofanya kazi mjini wapate pa kucheza, na ikaja kuwa miamba wa ligi ya mji huo. Baadaye visiwa vikaunda timu yao ya pamoja, Tiwi Bombers, ikaingia ligi hiyohiyo na kutwaa ubingwa msimu wa 2011/12.

Nawashangilia Bombers kwa moyo wote. Lakini wasaka vipaji wanaoishia kuitazama timu hiyo Darwin wanakosea. Wapande boti hadi visiwani, wawatazame Tuyu na Imalu mvua ikinyesha.