Sato wa kufugwa si samaki wa maabara
Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu, kwamba sato wa bei rahisi wa kufugwa hana mifupa, katengenezwa maabara na analeta saratani, si kweli. Sato asili yake ni Afrika, na wa bwawani ana mifupa kama wa ziwani. Watu huchanganywa na minofu iliyogandishwa: mifupa imeshatolewa kiwandani. Bei iko chini kwa sababu anakua haraka, tena hula zaidi pumba na mashudu, hivyo hamalizi dagaa kama samaki walao nyama. Mabwawa machafu yapo, kwa hiyo muulize muuzaji katoka wapi. Ukiwa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, funua matamvua: yawe mekundu, macho yang'ae, nyama ukiibonyeza irudi. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Unawaharibia mama lishe biashara bure.