Fizi zinatoka damu, tumbo linawaka: dhana potofu na ukweli

"Fizi zinatoka damu kidogo tu nikipiga mswaki, kawaida, mswaki wenyewe mgumu." Hii naisikia kila siku na jamani sio kawaida. Ukitema povu lina pinki asubuhi, wiki hii na wiki ijayo, ujue fizi imevimba sababu ya utando wa bakteria uliokaa pale jino linapoingia kwenye nyama, na wengi wakiona damu wanaanza kuikwepa ile sehemu, ndo wanaharibu kabisa, utando unaganda unakuwa ugaga mgumu kama chokaa na hapo mswaki hauutoi tena. Maji ya chumvi yanatuliza, karafuu inapunguza maumivu, ila ugaga lazima ukwanguliwe.

Halafu wanasema ya mdomoni yanaishia mdomoni. Wakati kwa siku tunameza mate nusu lita mpaka lita moja na nusu, yamejaa bakteria! Asidi ya tumbo inaua wengi kweli, na wanaopona wanakuta utumbo una wenyeji wake. Lakini wenyeji wakipunguzwa na antibayotiki, au asidi ikishushwa na omeprazo inayomezwa miezi na miezi, wageni wanapata pa kukaa.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walifunga uzi kwenye magego ya panya mpaka fizi zikaugua. Bakteria aina ya Klebsiella na Enterobacter wakaongezeka mdomoni, wakashuka utumboni, na kwa panya ambao utumbo ulikuwa umeshavimba hali ikawa mbaya zaidi. Kilichonishtua mimi, sio bakteria peke yao, hata askari wa kinga waliozoeshwa kupigana nao kule kwenye fizi walishuka chini wakaenda kuwasha moto kule kule.

Sasa msiruke upande wa pili mkasema basi nikitibu fizi utumbo utapona. Hapana, panya sio mtu, na hilo halijathibitishwa. Wenye ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, au vidonda vya utumbo mpana wanakutwa na fizi mbovu zaidi ya wengine, ila nani kaanza, fizi au utumbo, inaweza kwenda kote kote. Kwahiyo dawa za utumbo usiache hata siku moja, na ukienda kwa daktari wa meno mwambie una ugonjwa gani, muombe apime kina cha mfuko kati ya fizi na jino: milimita 1 mpaka 3 uko sawa, 4 kwenda juu kuna kazi ya kufanya.