Mlango wa nakshi hauugeuzi mnara kuwa wa Tanga

Juzi tena. Mteja kanionyesha kwenye simu picha ya mnara wa vioo wa ghorofa 12, kisha akasema: "Injinia, pale chini tubandike mlango wa nakshi na matao mawili matatu. Hapo mji wa zamani tumeshauheshimu." (Mimi ni msanifu majengo, lakini Tanga nimeshachoka kusahihisha.) Naandika ili mwingine akija nimtumie hii, nikanywe kahawa.

Mlango wa nakshi ulichongwa kwa kipimo cha mtu. Unavuka kizingiti, mfaa (ule mti wa kusimama kati ya mbao mbili za mlango) uko katikati, baraza kulia na kushoto. Ukiukuza ufike mita 6 ili magari yapite, unabaki na bango la hoteli. Matao ya jasi juu ya zege siyazungumzii.

Twende mtaani. Simama kati ya reli na bandari saa nane mchana, penye zile nyumba za maduka za zamani. Mbona watu wote wamejipanga upande mmoja? Wanafuata varanda. Ghorofa ya juu imetokeza mbele, ikabebwa na nguzo, mpita njia akapata kivuli cha bure. Mlango, duka, mlango, duka. Kila hatua chache kuna wa kumsalimia. Mnara wa kifahari ukija huleta ukuta mtupu, nyaya za umeme juu yake, mlinzi mmoja, na moshi wa jenereta usawa wa uso wako. Mtaa unaharibikia hapo, kwenye mita 4 za kwanza kutoka chini. Ndiyo maana naanza kuchora hapo: ghorofa mbili za mbele zifuate mstari wa majirani, varanda iungane na yao, maduka yafungukie barabarani, mnara wenyewe urudi nyuma. Wateja hulalamika kwamba watu wa nje watakaa barazani. Sasa baraza ya nini?

Upepo ndio unaonikera zaidi, kwa kuwa hakuna anayeuliza. Ghuba iko kaskazini mwa mji, na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, huvuma toka Desemba hadi Machi, wakati wa joto lenyewe. Kila mnunuzi anataka kuona bahari akiwa sebuleni, basi jengo linatandazwa ubavu mzima kuelekea majini. Ukuta wa ghorofa 12 mbele ya upepo! Nyumba ya nyuma, ya mawe ya matumbawe na chokaa, ilikuwa ikipoa kwa upepo huo. Leo jirani ananunua kiyoyozi kwa sababu ya sebule yako. Na upepo ukigonga uso mpana, sehemu yake huteremka hadi barabarani na kufumua vumbi. Kwa hiyo nageuza ubavu mwembamba uukabili kaskazi. Nikifanya hivyo, ubavu mrefu mmoja unaangukia kaskazini magharibi, jua la alasiri linaingia mpaka chumbani. Naweka roshani zenye kina na vivuli vya mbao. Zinatosha? Mwezi wa pili sina uhakika.

Maegesho chini ya ardhi, karibu na nyumba za chokaa: usichimbe. Kwenye kazi moja ya zamani pampu zetu zilivuta maji shimoni wiki kadhaa, mzee wa jirani akaniita, akaweka kidole kwenye ufa ukutani. "Mwanangu, huu haukuwepo kabla ya pampu zenu." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sijui kama ni sisi au ulikuwa ukimngoja.

Na nikiwa mkweli, hata nikifanya yote haya, sijashawishika kwamba ghorofa 12 zinaweza kukaa vizuri kando ya nyumba ya ghorofa moja. Pengine jibu sahihi ni kiwanja kingine, mbali kidogo. Nalisema hilo kikao cha kwanza, kisha naendelea kuchora, maana kodi ya ofisi hailipwi kwa ushauri wa kukataa kazi.

Yule wa juzi nimemtumia mchoro wenye varanda na baraza. Kajibu haraka: baraza nzuri sana, sasa tuiwekee geti.