Walowezi waliotoza watu faini kwa kula Krismasi

Hivi unajua kuna Wakristo waliowahi kupiga marufuku Krismasi? Tena sio walegevu wa dini, ni Wapuritani, Waingereza washika dini kupindukia waliohamia Massachusetts, Amerika. Mwaka 1659 wakapitisha sheria kwamba ukikutwa unaisherehekea, iwe kwa kuacha kazi au kufanya karamu, unalipa shilingi 5 (ndio, shilingi, hata hii yetu ilitoka kwa Mwingereza). Hoja yao ilikuwa simpo tu, Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa Yesu, basi sikukuu yenyewe ni ya kubuni.

Sisi tunaofundisha historia hii hupenda kuanzia hapo maana watu wanadhani dini ya hawa jamaa ilikuwa mambo ya Jumapili tu, kumbe ndio ilikuwa ratiba ya maisha yote.

Waliotangulia walishuka Plymouth, hukohuko Amerika, na meli ya Mayflower mwaka 1620, abiria 102, na kipupwe kile cha kwanza kikaondoka na karibu nusu yao. Waliobaki waliokolewa na mahindi, na aliyewaonyesha namna ya kuyapanda kwa kufukia samaki kama mbolea alikuwa Tisquantum, mwenyeji ambaye kijiji chake kilikuwa palepale walipojenga, watu wake wakiwa wameshamalizwa na maradhi. Unga wa mahindi wakausonga kwa maji ya moto ukawa kitu ambacho wewe ukikiona utauliza mboga iko wapi.

Sasa Jumapili yao. Ilianza Jumamosi jua likizama, kama watu wa pwani wanavyosema usiku wa Ijumaa wakimaanisha Alhamisi jioni, na kuanzia hapo kazi hakuna. Kesho yake ni ibada mara mbili, asubuhi na mchana, mahubiri ya masaa, kinanda marufuku, ni zaburi tu, na jengo halina moto hata kidogo. Januari 1686 Samuel Sewall wa Boston aliandika kwenye shajara yake kwamba mkate wa meza ya Bwana umeganda mpaka unagonga kwenye sahani!

Ndoa ilifungwa na hakimu, sio mchungaji. Na kwa kuwa kila mtu alitakiwa asome Biblia mwenyewe, sheria ya 1647 ililazimisha kila mji wenye kaya 50 kuajiri mwalimu, hilo mimi nawapa maksi.

Ila usiseme walileta uhuru wa dini, walitafuta wa kwao tu. Mchungaji Roger Williams alifukuzwa kwa kusema serikali isiingilie imani za watu, akaenda kuanzisha mji wa Providence mwaka 1636. Mary Dyer, mama wa Kikweka (Quaker, dhehebu jingine la Kikristo), alifukuzwa akarudi, akafukuzwa tena akarudi, mwaka 1660 wakamnyonga Boston.

Sheria ya Krismasi ilifutwa mwaka 1681, tena kwa shinikizo la London, na hata hivyo kwa miaka mingi tu tarehe 25 Desemba watu wa kule waliendelea kwenda kazini kama kawaida.