Ati ukiwa ndani ya boksi huwezi itwa auti?

Jumamosi hapa Kisumu mechi yetu ya besiboli ilisimama robo saa nzima sababu ya kijana mmoja. Boksi la mpigaji, ile mistari anasimama ndani yake akipiga, tulikuwa tumelichora na majivu, juu chokaa iliisha. Kijana akazungusha gongo akakosa mpira, uzito ukamvuta akainama mpaka juu ya homu (besi ya mpigaji), na kecha, yule anayedaka nyuma ya mpigaji, ndio alikuwa anainuka arushe besi ya pili kumtoa jamaa aliyekuwa anaiba, yaani anachomoka besi ya kwanza kukimbilia ya pili bila mpira kupigwa; kecha akagongana na bega la kijana, mpira ukaishia huko kwa nyasi. Ampaya akasema kijana ni auti, ametolewa. Weh, kelele! "Si miguu yote iko ndani ya boksi!"

Hiyo ndio dhana inasumbua watu zaidi. Boksi sio kanisa ya kukimbilia. Sheria inasema mpigaji ni auti akimzuia kecha kudaka ama kurusha kwa kutoka nje ya boksi, AMA kwa kufanya kitendo kingine chochote kinachomzuia pale homu. Watu husoma nusu ya kwanza wanafunga kitabu. Kitu boksi inakupa ni haki ya kusimama tuli: ukitulia hapo ndani na kecha akugonge na mpira bila wewe kufanya kitu, hiyo ni shida yake, hakuna mtu anakudai uyeyuke. Lakini kutoka homu hadi besi ya pili ni kama mita 39, ukimsukuma kidogo tu mwizi ashafika.

Ingine ni hii ya "lakini hakukusudia". Nashuku tumeitoa kwa kriketi, juu tangu Kenya iingie nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 wazee wetu hawajanyamaza, na kweli huko kuzuia wadakaji mpaka iwe makusudi. Kwa mpigaji na kecha, besiboli haiulizi nia. Penye nia inahesabika ni pale umezungusha gongo kwa nguvu, umekosa, likazunguka mpaka nyuma likamgonga kecha bahati mbaya: hapo ni straiki tu (hesabu ya kukosa, ya tatu unatolewa), mpira unakufa, yaani mchezo unasimama, na wakimbiaji hawasongi.

Na sio kila mara mpigaji anaenda. Kecha akifanikiwa kumtoa mkimbiaji licha ya kuzuiwa, kosa linasahauliwa, mpigaji anabaki. Mkimbiaji wa besi ya tatu akikimbilia homu kabla auti mbili zifike, na mpigaji amzuie kecha, anayetoka ni mkimbiaji. Zaidi ya hapo mpigaji ndio auti na wengine wanarudi walikotoka, isipokuwa kama alishatolewa na straiki ya tatu, hapo adhabu ya kuzuia inamwangukia yule aliyekuwa anaiba.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Hiyo straiki yake ilikuwa ya tatu! Hapo zilifaa kuwa auti mbili, yake na ya mwizi, omera, na ampaya akamrudisha mwizi besi ya kwanza roho safi, sisi tukibishana na mistari ya majivu.